Wavulana Wenye Utepe Machoni

Siku za Jumatatu Shule ya Msingi ya Lehlakaneng hulisha watoto ugali na samaki wa kopo. Mama Disebo alikuwa jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kufikia saa mbili alikuwa amekwisha kusonga sufuria ya kwanza. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya wiki tatu za mahakamani. Mpishi mwenzake, Mosele, ambaye pia ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alifika amechelewa, akafunga aproni, akaanza kukata vitunguu. Alisema kilichomchelewesha ni mwanawe Seabata. Ameamka na utepe machoni.

"Utepe gani?" Mama Disebo aliuliza.

"Ule wa gazetini."

Gazeti la Ijumaa lilikuwa limetoa picha mbili, bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa ya Disebo Rantsho, miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ualimu, amevaa sweta ya kijani na anacheka. Ya pili ilikuwa ya mvulana anayeshuka ngazi za mahakama kati ya askari wawili, na machoni pake mhariri alikuwa ameweka utepe mweusi. Chini paliandikwa kwamba mvulana wa miaka kumi na sita, ambaye sheria inakataza kumtaja, amefungwa miaka kumi na miwili kwa kumchoma Disebo kisu mara kumi na moja kwenye daraja la reli, kwa kuwa alimkataa mbele ya wenzake.

Utepe wa Seabata ulikuwa huohuo. Upana wake vidole vitatu, ulianzia panja hii ukaishia panja ile. Mosele alikuwa ameujaribu kwa sabuni ya kipande, mafuta ya taa na mafuta ya kondoo, na haukufifia. Mvulana mwenyewe aliona vizuri, hata maandishi madogo ya pakiti ya chai aliyasoma. Kwa hiyo Mosele alimpa uji, akampeleka shule.

Huko shuleni alikuta wenzake. Mwalimu mkuu wa sekondari alihesabu wavulana arobaini na watatu, wote waliozaliwa mwaka mmoja. Wa mwaka uliotangulia na wa mwaka uliofuata walikuwa na nyuso zao. Aliwaagiza walimu waite majina kwa kufuata sauti, masomo yakaendelea. Kliniki iliwapa dawa ya matone kwa siku saba. Ofisi ya vitambulisho mjini Vaaldraai ilirudisha picha zao, kwa kuwa kanuni inataka nyusi zote mbili zionekane, ikawashauri waje tena nyusi zitakapopatikana. Wavulana wenyewe, siku mbili za mwanzo, walifanya mchezo. Waliitana Gazeti. "We Gazeti, nipe mpira!" Na Gazeti wanne waligeuka.

Mchezo ulikwisha siku ya tatu. Kesi ilikuwa imesikilizwa milango imefungwa, na mvulana alikamatwa shambani kwa mjomba wake, mbali na hapo. Mtaani watu hawakujua ni nani. Wengine walisema amefungwa kweli, wengine wakasema amekata rufaa na anatembea. Wavulana kadhaa wa rika hilo hawakuwepo Lehlakaneng. Wawili walikuwa milimani jandoni, mmoja alikwenda kutafuta kazi machimboni, mmoja alihamia kwa shangazi. Kila asiyekuwepo alikuwa na sababu, na kila sababu ilitiliwa shaka. Ila waliokuwepo ndio waliokuwa karibu, na watu wenye hasira hawana nauli ya kwenda mbali. Wasichana walibadili njia. Mwenye duka alianza kuwahudumia wavulana hao kupitia dirishani, mmoja mmoja, mikono ikiwa juu ya kaunta. Akina mama walilala vipande vipande, wakiamka kumulika uso wa mtoto kwa simu, wakazima, wakalala, wakaamka tena.

Mama Disebo hakulala kabisa. Yeye jina alilijua. Alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwa mwenye jina, akamwona macho yake bila utepe, akasikia karani akimwita asubuhi baada ya asubuhi. Siku ya hukumu jaji alimweleza kwa upole kwamba asilitangaze, na tangu hapo jina lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitapikiki. Alikuwa akianza kufagia, anaacha ufagio sakafuni. Anachemsha maji ya chai, anayasahau hadi sufuria inaungua. Akitoka kazini alizunguka nyumba yake ya vyumba viwili akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Kilichomuuma hakikuwa utepe. Jina la mwanawe lilikuwa limechapishwa siku ya pili tu baada ya kifo, pamoja na umri, chuo, rangi ya chupi na mahali kila jeraha lilipoingia. Hakuna aliyemuuliza mama kama ni sawa. Sasa daraja lenyewe liliitwa Kwa Disebo. Alisikia watoto kwenye foleni ya chakula wakipatana wakutane Kwa Disebo baada ya shule. Na aliyemuua alikuwa hana jina, kama mvua ya mawe.

Jumamosi ya wiki ya tatu, Seabata alitumwa sabuni. Vijana wakubwa wanne walimsimamisha nje ya duka wakamuuliza kama ni yeye. Akasema siye. Wakamwambia hivyo ndivyo angesema mwenyewe. Walimvunja mkono sehemu mbili kwa kipande cha bomba, na aliporudi nyumbani sabuni ilikuwa bado kwenye mkono wa pili.

Jumatatu iliyofuata Mosele alikuja jikoni na karatasi. Wazazi wa wavulana walikuwa wameonana na wakili mmoja mjini, dada kijana aitwaye Nthatisi, naye aliwaambia kwamba sheria inamruhusu jaji kulifungua jina akiona ni haki na kuna mtu atakayenufaika. Watu wa kunufaika walikuwepo, arobaini na watatu. Wakili alisema ombi litakuwa na uzito mkubwa zaidi mama wa marehemu akiliunga mkono.

"Sikulazimishi, dada yangu," Mosele alisema. "Lakini mwanangu analipia kitu ambacho hakukila. Na wewe unamjua mlaji."

Mama Disebo alisema ampe hadi kesho yake.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, kikongwe aliyejifunga blanketi alifika uani kwake, akakaa kwenye kizingiti cha nje bila kukaribishwa. Mama Disebo alimtambua. Alikuwa amemwona mahakamani kila siku, benchi la upande wa pili, na kila siku walipishana mlangoni bila kutazamana. Alikuwa Bibi Motshehwa, aliyemlea yule mvulana. Alikuwa ametembea kutoka mwisho wa mtaa, nyumba mpya za bati, ambako majirani wanadhani mjukuu wake yuko kwa mjomba.

Mama Disebo alimletea maji, kwa sababu mgeni huletewa maji. Bibi aliyashika bila kunywa. Alisema tangu zamani ukoo ulioua huja na ng'ombe kuomba msamaha. Ng'ombe hana, na msamaha haombi, kwa kuwa hata yeye bado hajamsamehe.

"Wamekuja kwako na karatasi," alisema. "Nimesikia."

"Wamekuja."

"Yeye akitajwa, yuko ndani. Kuta zitamkinga. Mimi nimeshazeeka, nitukanwe nikafe. Ila nina mwingine, msichana, ana miaka tisa. Anakula kwako kila siku hapo shuleni. Jina la ukoo ni moja, mwanangu. Wakilisema lake, wamesema na la mdogo wake."

Mama Disebo aliketi upande wa pili wa kizingiti. Kisha alisema, "Wa kwangu alitajwa, Bibi. Hamkuja kuzuia."

"Hatukuja," Bibi alisema. "Ni kweli."

Aliweka kikombe chini, maji yakiwa vilevile, akasaidiwa kuinuka. Mama Disebo alimsindikiza hadi kwenye uzio, akamwangalia akishuka njia, akasimama pale hadi mbwa wa jirani walipochoka kumbwekea. Usiku alipiga pasi nguo zote za Disebo, akazikunja, akazikunjua, akazipiga pasi upya. Kulipokucha alimpitia Mosele mlangoni. Seabata alikuwa mezani, anajaribu kula uji kwa mkono wa kushoto, utepe machoni, uji unamtiririka kidevuni. Mama Disebo aliomba kalamu.

Jaji alichukua siku tisa. Aliandika kurasa ishirini na sita, za uangalifu, akieleza kwamba mtoto hata akiua ni mtoto, kwamba jina likitoka halirudi, na kwamba pamoja na hayo watoto wengine arobaini na watatu hawawezi kubebeshwa uso wa mmoja. Akaruhusu. Gazeti lilitoka Ijumaa. Jina lilikuwa Tshediso Lebusa. Kwa Kisotho maana yake ni faraja, kama anavyoitwa mtoto anayezaliwa baada ya mwingine kufa.

Mama Disebo alilisoma jikoni, kisha akalitamka kwa sauti. Mara moja, halafu tena. Alikuwa amengoja kuona kitu gani kitatoka kifuani pamoja nalo. Hakikutoka chochote. Lilikuwa jina, na ugali ulikuwa unashika chini ya sufuria.

Mtaani kote tepe zilibanduka siku hiyohiyo kabla ya saa sita. Wa Seabata ulidondokea kwenye chai. Nyingine zilipatikana kwenye mito, kwenye mabeseni, kwenye madaftari ya hesabu, laini na nyepesi kama ganda la kitunguu. Mosele alimbusu mwanawe nyusi zote mbili. Jumapili kanisani wavulana walikaa safu moja mbele, na mchungaji alitoa shukrani. Dirisha la nyumba ya bati ya Bibi Motshehwa lilikuwa limekwisha kuvunjwa Ijumaa usiku, na mlangoni watu walikuwa wamemwandikia matusi kwa rangi nyekundu.

Jumatatu, kwenye foleni ya chakula, Keneuwe Lebusa wa darasa la tatu alikuja na utepe machoni. Ulikuwa mwembamba kuliko wa wavulana, wa saizi ya uso wake. Mwalimu wake alikuwa amemhamishia dawati la mbele, ingawa aliona vizuri. Kwenye foleni watoto walimwachia nafasi, hatua tatu mbele na hatua tatu nyuma, kwa hiyo foleni ilionekana kama foleni mbili.

Mama Disebo alimpakulia kama wengine. Alimtazama uso. Alitaka kujua kama macho yanafanana na yale aliyoyaona mahakamani, na hakujua angefanya nini yakifanana. Utepe uliyafunika. Mtoto alisema asante, akaenda kula peke yake nyuma ya matangi ya maji.

Mosele alikuwa ameona. "Sasa ni zamu yao," alisema, akiendelea kusugua sufuria. "Si nilivunjiwa mtoto mkono? Wabebe chao." Halafu akasugua palepale muda mrefu, mahali palipokwisha kutakata.

Alhamisi Mama Disebo aliomba ruhusa, akaenda mjini kwa Wakili Nthatisi kumuuliza kama jina linaweza kurudishwa. Wakili alitoa vitabu viwili rafuni, akavisoma mbele yake kwa bidii, akavirudisha. Alisema sheria ina kifungu cha kulifunga jina na kifungu cha kulifungua. Cha kulifunga lililokwisha kufunguliwa hakuna. Alimuuliza kama amejuta kusaini. Mama Disebo alijibu kwamba hajui. Alisema mkono wa Seabata unaanza kupona. Alisema hata sasa, kila asubuhi, anaandaa vikombe viwili. Wakili alimshika mkono.

Ijumaa walipika makande. Keneuwe alipofika mbele ya sufuria, Mama Disebo alimuuliza anakula wapi siku hizi.

"Kule nyuma."

"Kule kuna nyuki. Ingia huku."

Mtoto aliingia jikoni, akapewa kiti cha kukatia vitunguu. Mosele alichukua ndoo akatoka kwenda bombani. Keneuwe alikula taratibu, maharage kwanza, mahindi baadaye. Mama Disebo aliosha vyombo. Walikaa hivyo kwa muda, kila mmoja na kazi yake.

"Mama," mtoto aliuliza, "huu unatoka?"

"Wa wale kaka wa sekondari ulitoka."

"Ulitokaje?"

Mama Disebo alifikiri namna ya kumweleza mtoto wa miaka tisa, na hakupata namna nyingine zaidi ya ile iliyo kweli. "Ulipata mahali pengine pa kukaa," alisema.

Keneuwe alilamba kijiko, akakigeuza, akalamba upande wa pili.

"Basi ukae tu," alisema. "Ukinitoka, kwetu kumebaki Bibi peke yake, na yeye macho yanamsumbua."

Kisha akanyoosha sahani kuuliza kama makande yamebaki. Yalikuwa yamebaki.