Mwamba Ndiyo, Bei Hapana

"Mafuta yapo, Namubiru, nakwambia yap—"

"Yapo wapi? Kwenye ulimi wako?"

"—chini ya ziwa letu, mwamba safi, una vitundu, juu una kifuniko—"

"Jifunike nacho!"

Vumbi la Aprili lilikuwa limepanda Husby, mtaa wao wa ughaibuni, vumbi la changarawe, ile wanayoimwaga juu ya barafu na kuisahau theluji ikiyeyuka. Likaingia dirishani, likawakalia wote wawili bila kuuliza nani ana haki.

Namubiru alikuwa akifunga sanduku. Kesho uwanja wa ndege wa Arlanda, halafu Entebbe, halafu Masaka kwa baba yake. Peke yake. Vita vya kwao vimekwisha, wenzao wanarudi, na Aloysius, mchumba wake wa miaka yote ya uhamishoni, hataki kwenda kujitambulisha ukweni mpaka mitambo ya kuchimba ifike Ziwa Albert, alikozaliwa. Mwanamume haingii ukweni kama mfagiaji wa treni, anasema. Ataingia kama bwana mafuta.

Bwana mafuta! Sikieni jamani, bwana mafuta!

Ewe mafuta, uliyelala gizani tangu mtu hajapewa jina, unangoja nini? Unangoja bahari isogee? Mwamba unasema ndiyo, bei inasema hapana. Ziwa liko bara, bomba litambae nchi hadi nchi ndipo lione pwani, na pipa tangu mwaka jana linauzwa kama maji ya kunawia. Nani akuchimbe, mwenye maringo wewe?

Aliyeshiba hutoboa popote. Si hawa wenyeji wa huku ughaibuni, jimboni kwao Dalarna, wanachokonoa graniti, jiwe gumu kama moyo wa karani, eti wanatafuta gesi? Wakikosa, watakula chakula cha jioni vilevile. Mwamba wao unasema labda, mfuko unasema ndiyo. Kwa kina Aloysius ufuko wenyewe unatoka jasho jeusi, mtoto akilikanyaga anarudi nyumbani kuchapwa, na hakuna anayeleta hata sururu. Mwamba ndiyo, bei hapana.

Na mwanamume mzima, na geolojia yake aliyoiacha katikati, ameifunga ndoa yake kwenye kisima kisichochimbwa!

"Bei itapanda," Aloysius akasema.

"Ikipanda, mwambie ikuzalie."

Aloysius, mtu anayeongea hata akipiga mswaki, akaliangalia sanduku. Zipu imefika nusu. Namubiru akaivuta, ikagoma, akaivuta tena kwa hasira. Aloysius akapiga goti, akakandamiza kifuniko kwa viganja viwili, zipu ikapita.

Hakuinuka.

"Kwenu siku ya kujitambulisha bwana harusi hasemi neno, si ndiyo? Anasemewa."

"Anasemewa. Na wewe utaliweza wapi hilo?"

"Basi ukifika nitafutie msemaji," akasema, macho sakafuni. "Aseme nafagia treni."