Mbeba Mkonge wa Episodi ya Sita

Watu wa Voi hawakwenda kwa Kavinya kununua muvi tu, walikwenda kusikia maneno yake. Duka lake lilikuwa chumba chembamba karibu na stendi ya magari ya kwenda Mwatate. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, feni isiyozunguka na kiti kimoja cha plastiki cha mteja. Unampa dada huyu flashi yako, unamwambia unachotaka, naye kabla hajakuwekea anatoa hukumu.

"Hiyo ya askari wa Korea chukua, ni tamu. Lakini ukifika katikati ruka, wanalia mno. Hiyo ya majambazi wa treni achana nayo. Mtu kapigwa risasi tatu za kifua, halafu anampigia mpenzi wake simu na kumweleza maisha yake yote. Pumzi anatoa wapi?"

Mshindani wake wa ubishi alikuwa Crispus, fundi wa friji wa chumba cha pili, Mtaita mpole aliyependa kila kitu alichoonyeshwa. Crispus aliipenda hata ile ya majambazi wa treni. Walikuwa wakibishana hadi wateja wanasahau kilichowaleta.

Mwaka huu ilipotoka tamthilia ya *Vumbi la Mwatate*, duka halikupumua. Ilikuwa imeshutiwa hapa hapa, kwenye mashamba ya mkonge, na kila mtu alitaka kuona kama barabara ya kwao imo. Kavinya hakuihurumia eti kwa kuwa ni ya nyumbani.

"Huyu dada kakata mkonge tangu asubuhi," alisema, "na nywele zake ziko vile vile kama katoka saluni. Mkonge haujamchoma hata kidole! Na hicho Kiswahili chao, mtu anamtongoza msichana kama anasoma habari za saa moja."

"Lakini milima wameipiga vizuri," Crispus akasema.

"Milima haihitaji kuigiza."

Alasiri moja alikuwa peke yake dukani, anaitazama episodi ya sita ili apate la kuwaambia wateja. Mhusika mkuu alikuwa amesimama katikati ya shamba, analia machozi yasiyotoka. Kavinya, kama kawaida yake, hakumtazama yeye. Alitazama watu wa nyuma, wale waliolipwa ili wapite tu, maana aliamini ubaya wa muvi huanzia huko. Kijana mmoja alipita na fungu la mkonge begani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatupwa nje kidogo kila alipokanyaga.

Kavinya akarudisha nyuma. Akatazama. Akarudisha tena. Kisha akapiga ukuta kwa kiganja, na Crispus akaja mbio na bisibisi mkononi.

"Kuna nini? Stima imekupiga?"

"Mwangalie huyu. Si huyo anayelia. Huyu wa nyuma."

Crispus akainama. "Nimemwona. Nani?"

"Huyo ni Muinde."

Muinde alikuwa mdogo wake Kavinya wa tumbo moja. Alikuwa tanboi, utingo wa lori la mazao, na mguu ule aliuvunja utotoni alipoanguka kutoka paani. Mwaka juzi, mwezi wa tano, lori lao lilikwenda Njukini, upande wa Taveta, kupakia mahindi na maharagwe. Dereva alisema Muinde alishuka sokoni kutafuta chakula. Hakurudi. Simu yake ilizimwa siku hiyo hiyo na haikuwaka tena. Polisi waliandika taarifa. Kavinya na mama yao walizunguka hospitali, wakazunguka na mochari, ya Taveta na ya Voi, wakifunuliwa nyuso za watoto wa watu wengine.

"Kavi," Crispus alisema taratibu, "watu hufanana."

"Sura zinaweza kufanana. Mguu je? Bega je? Mimi nimemfuata huyu nyuma miaka yote tukienda shule!"

Crispus naye alikuwa anamjua Muinde. Alitazama tena, akaweka bisibisi mezani, wala hakubisha zaidi.

Mama yao, Ndanu, alikuwa anachambua mchicha mlangoni kwake, mtaa wa Sofia, wakati Kavinya alipofika na simu. Kwa miezi mingi mama huyu alikuwa ameanza kusema "Muinde alikuwa akipenda hiki," badala ya "anapenda." Kavinya alikuwa ameligundua hilo na hakuwahi kumwambia mtu. Sasa alichuchumaa mbele yake, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, tazama hapa. Usitazame mwanamke. Tazama nyuma."

Ndanu alitazama. Hakupiga yowe. Aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa, akamtazama kijana akipita na kupotea pembeni mwa kioo, akatazama mara ya pili.

"Amekonda," akasema. Halafu, "Nani anampikia?"

Kesho yake asubuhi alitoa godoro la Muinde na kulianika juani. Alifua blanketi. Kwa majirani alisema mwanawe yuko hai, anafanya kazi ya sinema, na kina mama wa kanisani walikuja wakaimba uani. Ndanu alicheza. Kavinya alisimama kando, anapiga makofi pamoja nao, lakini hakuimba.

Maana kulikuwa na jambo alilolijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja wenye haraka: muvi haitoki siku inayoshutiwa, inaweza kukaa kabatini mwaka mzima, hata miwili. Jambo hilo lilimjia usiku ule ule, akalifukuza. Likamjia tena alipoliona godoro juani. Akajiambia, hizi za kwetu hutengenezwa haraka haraka. Ndiyo maana ni mbovu.

Jumamosi alifunga duka akaenda Mwatate, na Crispus akamsindikiza bila kuombwa. Mlinzi wa shambani aliwaelekeza kwa mama mmoja aitwaye Tryphena, mwenye hoteli ndogo karibu na soko. Watu wa sinema walikuwa wakila kwake, na ni yeye aliyewatafutia vijana wa kupita nyuma.

Tryphena alifuta mikono kwa kanga, akaishika simu, akacheka kabla hata picha haijaisha.

"Huyu! Huyu namjua vizuri. Alikuwa anamaliza sufuria ya maharagwe halafu ananiita shangazi, ili nisimdai."

Kavinya alishika ukingo wa meza. "Yuko wapi, mama?"

"Si walimaliza wakaondoka wote."

"Lini?"

"Aa, lini." Tryphena akatazama nje. Mtoto wa kike alikuwa anamkimbiza kuku uani, anaanguka, anainuka, anamkimbiza tena. "Mvua za vuli zilikuwa zimekatika. Mama yake huyu alikuwa na mimba yake, alikuwa ananisaidia kupakua huku anatapika."

Kavinya akamtazama yule mtoto. Mtoto alikuwa anakimbia. Alikuwa na meno. Alikuwa anamtukana kuku kwa maneno yanayoeleweka.

"Crispus," akasema, "huyu mtoto ni wa umri gani?"

"Karibu miaka miwili," Crispus akasema. Alitazama chini.

"Mama, una namba ya mtu yeyote wa hao watu? Yeyote."

Tryphena alikuwa na namba ya Sharon, msichana wa Nairobi aliyekuwa akiwapanga wale vijana. Kavinya alipiga akiwa amesimama. Alijitambulisha, akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na karani wa benki. Sharon alimkumbuka Muinde mara moja.

"Tulishuti Januari, dada. Mwaka juzi. Halafu kazi ikakwama, ikakaa, tukaja kuimalizia juzi juzi tu."

"Kuimalizia. Kwa hiyo mlirudi Mwatate?"

"Hapana, kuimalizia kwa kompyuta. Kukata, kuweka muziki."

"Hamkurudi kupiga hata kipande kidogo? Mimi ni mtu wa muvi, najua watu hurudi. Mnagundua kipande kimeharibika, mnarudi."

"Hatukurudi, dada."

"Labda alikuja Nairobi kuwatafuta. Kijana akishaonja kamera… labda alikuja kuuliza kazi nyingine, mwezi wa sita, wa saba, na mtu mwingine akamjibu, si wewe. Unaweza kuwauliza? Uliza tu. Mimi nitangoja kwenye simu."

Upande wa pili magari ya Nairobi yalisikika yakipita.

"Pole sana," Sharon akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa na namba zao zote. Hakuwahi kupiga. Lakini nina kipande chake ambacho hatukutumia. Tulikuwa tunawauliza wale vijana maswali wakati wa kungoja jua. Nikutumie?"

Kilifika kikiwa kimefifia kidogo. Muinde amekaa juu ya fungu la mkonge, kofia nyuma, shavu lina vumbi. Sauti ya Sharon inamwuliza kwa nini amekuja.

"Dada yangu ana duka la muvi Voi," Muinde anasema, na tayari anacheka. "Anajua kila kitu yeye. Kila muvi mbaya, kila muvi haina maana. Sijamwambia nimekuja huku. Nataka siku moja akae pale na mdomo wake, aone mimi napita. Akose la kusema."

Kavinya alikaa chini, sakafuni mwa hoteli, kati ya viti. Alilia kwa sauti hadi mtoto wa uani akamwacha kuku na kuja kumtazama. Tryphena alimshika kichwa akakiegemeza kwenye paja lake, akarudia tu, "Pole mwanangu, pole mwanangu." Crispus alitoka nje.

Njiani kurudi Voi Kavinya alitafuta namna ya kusema, akaikosa. Alipofika, mama yake alikuwa anasonga ugali. Ulikuwa mwingi kuliko wa watu wawili.

"Mwaitu, ile sinema ilipigwa Januari."

"Januari hii?"

"Ya mwaka juzi. Kabla ya Njukini."

Ndanu aliendelea kusonga. Mwiko ulizunguka mara kadhaa, kisha ukasimama.

"Januari alikuwa hapa. Alikuwa analala kwenye kile kitanda."

"Ndiyo."

"Basi mimi nilimwona mtu niliyekwisha kumwona."

"Ndiyo, mwaitu."

Mama akaepua sufuria, akaiweka chini polepole. Hakulia. Alimwangalia binti yake kama anayemtafuta mtu nyuma yake. "Kavinya, mbona ulinionyesha?"

Kavinya alitoa simu akamwonyesha kile kipande cha pili, akidhani kitamfariji. Ndanu aliposikia sauti ya mwanawe aliziba masikio kwa viganja. Mwisho wake alimnyang'anya Kavinya simu, akaingia nayo chumbani, na sauti ile ikasikika tena na tena kupitia mlango, kicheko kile kile.

Wiki ile Ndanu alikuwa anaonja chakula tu. Kina mama wa kanisani waliokuja kuimba walirudi, safari hii bila la kuimba. Kavinya alifungua duka kwa sababu alishindwa kukaa nyumbani. Mteja akiuliza hii ni nzuri, anajibu ni nzuri. Hii je? Nzuri. Wateja walichukua flashi zao wakaenda kimya, na Crispus alikuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki bila kuanzisha ubishi wowote.

Halafu siku moja Ndanu alitokea mlangoni mwa duka, amevaa viatu vya kanisani, kitambaa kichwani.

"Nipeleke Njukini."

"Mwaitu, tulikwenda."

"Tulikwenda na ile picha ya kitambulisho. Ilikuwa doa jeusi. Nani angemtambua? Sasa tuna uso wake. Tuna anavyotembea, tuna anavyoongea. Nipeleke."

Siku ya soko walikuwa huko mapema. Ndanu aliishika simu mwenyewe. Alipita kwa wauza maharagwe, kwa wauza ndizi, kwa wapakiaji wa magunia, kwa kila mmoja akisema maneno yale yale: "Habari. Huyu ni mwanangu. Tazama." Wengine walitazama na kutikisa kichwa. Wengine walitikisa kichwa kwanza. Kijana mmoja aliuliza hii ni muvi gani, inapatikana wapi, na Kavinya akamvuta mama yake wakaenda mbele.

Mchana, mwanamke aliyeuza chai na chapati chini ya turubai alitazama mara mbili. Akamwita mwenzake. Wakaongea Kitaveta kwa haraka.

"Mimi sitaki kukudanganya, mama," alisema. "Ni muda mrefu. Lakini huyu nadhani alikunywa chai hapa. Aliondoka na wanaume wawili, kwa njia ile inayopanda upande wa mpaka wa Tanzania. Nilifikiri wanafahamiana."

"Alikuwa anacheka?" Ndanu akauliza.

Mwanamke aliitazama simu tena. "Sikumbuki," akasema. "Nisamehe."

Walikwenda polisi Taveta na neno hilo moja. Askari aliliandika, akauliza majina ya wanaume wawili, akaambiwa hayajulikani, akasema watapigiwa simu. Hawajapigiwa hadi leo.

Lakini kabla ya kwenda polisi, siku ile ile, Ndanu alitaka kwanza aone njia yenyewe. Ilikuwa njia nyembamba ya udongo mwekundu kati ya mashamba ya mahindi, jua la mchana limeisimamia, na mwisho wake haukuonekana. Alitembea hadi pumzi zikamwishia. Akasimama, akajishika kiuno, akaita.

"Muinde!"

Watu waliokuwa wakipalilia waliinua migongo wakatazama.

"Muinde wee!"

Kavinya aliona haya. Alimshika mama yake mkono, akataka kumwambia twende, gari litatuacha. Lakini mama alikuwa amegeuza sikio upande wa njia, bado anangoja. Mahindi yalikuwa kimya, na hakuna aliyeitika. Basi Kavinya akavuta pumzi, akaweka viganja mdomoni, akaita naye.