Nyama za Jumapili

Daktari aliushika mkono wa mshona mapazia, akapitisha kidole gumba juu ya vinundu vigumu vilivyotuna kwenye vifundo vyake. Alikawia. Mama yule akatamani akawie zaidi. Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumshika mkono kwa jambo lililozidi salamu.

"Nilidhani vinundu hivi ni vya kushika mikasi," mama alisema.

"Ni mafuta, mama. Kolesteroli, aina yake iitwayo LDL. Si adui, inapita kwenye damu ikizipelekea seli mafuta ya kujengea utando wake. Inayobaki, ini huiopoa. Lako haliiopoi vya kutosha, basi inajibandika kwenye mishipa ya moyo, na hata kwenye vifundo hivi. Kuna mzazi wako aliyekufa mapema?"

"Mama. Moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita."

"Huenda umerithi kwake."

"Na nyama za mafuta je?"

"Nyama huchochea tu. Mzizi ni kuzaliwa nayo. Dawa nakupa. Una ndugu wa tumbo moja?"

Alijibu kwa shida, kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Mdogo wangu wa kiume."

"Apimwe upesi."

Siku ya kumzika mama yao, mbele za watu, alimnyooshea mdogo wake kidole: "Umemuua wewe, na nyama zako ulizomlisha kila Jumapili!" Mdogo wake alitafuta viatu vyake mlangoni, akavaa, akaenda zake. Ulimi hauna mfupa; wa kwake ulivunja nyumba. Kwa miaka kumi na mmoja hasira ile ndiyo pekee aliyoishi nayo, na leo daktari alikuwa ameifukuza.

Alipofika nyumbani alipiga simu kabla ya kuvua mtandio.

"Halo? Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa nzito, ya baba yao kabisa.

"Ni mimi."

"Dada?"

Alikuwa ameyapanga maneno: kwanza kipimo, halafu msamaha. Yote yakamparaganyikia. "Haikuwa nyama," alisema. "Unanisikia? Ilikuwa damuni mwake. Nami ninayo. Labda na wewe pia, kapime, tafadhali. Haikuwa nyama yako."

Upande wa pili kiti kilivutwa. Mtu akaketi polepole.

"Tangu siku ile," mdogo wake alisema, "nyama haijapita kooni mwangu."

Dada mtu akaibana simu sikioni. Hakuna aliyekata.