Bunduki ya Nyumba ya Jedidah

Mimi niliolewa na mwanamke, na kama hilo linakuchekesha, cheka umalize ndipo tuendelee. Kwetu Ukuria, mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa msichana, awe mke wa mtoto ambaye hakuzaliwa, naye ahesabiwe mtoto wa nyumba. Ndivyo mama Jedidah alivyonitoa kwa baba yangu akanileta kwake, mlimani juu ya Kegonga. Alinitetea kwa kila mwenye mdomo, na binti yangu alipozaliwa alimbeba mpaka nikaona wivu. Nikianza kumshukuru nitakesha, kwa hiyo acha niseme habari ya bunduki tu.

Mwaka wa tisini na tano wezi wa mifugo walituandama. Wazee wakaketi kwenye iritongo, baraza letu, wakaamua kila upande wa mlima utoe mtoto wa nyumba mmoja awe askari wa akiba, apewe bunduki ya serikali. Upande usio na bunduki, ng'ombe wake wangehamia kwenye boma la mwenye nayo. Upande wetu tulikuwa sisi peke yetu. Na kila Mkuria anajua kwamba nyumba ambayo ng'ombe wake wanalala kwa mtu mwingine imekwisha, hata kama moshi bado unafuka jikoni.

Mwenyekiti, Japheth, alikuwa ameshaanza kupanga ng'ombe wetu walale kwake. Mama Jedidah akasimama.

"Nyumba yangu iko na mtoto," akasema. "Milka ndiye huyu."

Akanisukuma mbele, na binti yangu mgongoni. Wakaangua kicheko. Akangoja wamalize.

"Mila ilimwita mtoto wa nyumba siku ya kuzaa. Leo ni siku ya kulinda, sasa amekuwa mgeni?"

Hapo wazee wakatazamana, maana mila ni yao wenyewe. Wakakubali, ila kwa sharti: nipige shabaha mbele ya watu kama wengine, risasi nne. Nikikosa zote, ng'ombe wahame.

Halafu wakanichagulia bunduki, kwa nia njema kabisa, sitawasingizia. Kwetu mwanamke akiheshimiwa hupewa kilicho chepesi, awe na jembe jepesi na kigoda chepesi. Basi kati ya bunduki zilizoletwa kutoka Suna wakanitolea moja fupi, nyepesi, nikaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kumbe heshima nyingine zinavunja bega.

Risasi ya kwanza ilinipiga teke nikaona nyota mchana. Ya pili nilifumba macho kabla sijabonyeza. Zilikokwenda Mungu anajua; ubao wa shabaha ulibaki mzima. Nikamsikia Japheth akimuuliza mama Jedidah kama ndama wetu wana ukali wakichanganywa na wengine. Nilitamani kulia, na zaidi ya kulia nilitamani kumrushia kiatu.

Mwalimu wetu alikuwa sajini Elkanah, Mjaluo wa Homa Bay, mtu wa maneno machache na kofia iliyochakaa. Akaichukua ile bunduki mkononi mwangu.

"Nyar Kuria," akaniita, yaani binti wa Wakuria. "Hii nani alikuchagulia?"

"Wazee."

"Walikuchukia?"

"Walinihurumia."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Risasi ni ile ile moja, mama. Bunduki nyepesi inakurushia teke yote. Nzito inabaki na nusu yake. Maji unatoa wapi?"

"Mtoni, huko chini."

"Na nini?"

"Debe. Na mtoto mgongoni."

"Halafu mtu anasema huwezi beba Mark Four! Kuja hapa."

Akaenda kwenye hizo Mark Four, zile bunduki ndefu nzito. Akanikunja mkono, akaweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko, akatazama kama kidole kinafika kwenye kifyatulio. Ya kwanza hakikufika. Ya pili pia. Aliendelea hivyo bila haraka, watu wakipiga miayo, mpaka akaipata moja yenye kitako kifupi.

"Funga macho. Weka begani. Sasa fungua."

Nilipofungua, tundu la kulengea lilikuwa mbele ya jicho langu, bila kunyoosha shingo. Machozi yakanilenga. Tangu nizaliwe nilikuwa nimepewa vitu vingi, lakini hakuna aliyewahi kupima mkono wangu kwanza.

Hata hivyo bega lilikuwa bado linakumbuka. Nikamwambia sajini kwamba uzito nimeuzoea, teke ndilo naliogopa. Kabla hajajibu, mama Jedidah akapaza sauti kutoka kwa watazamaji, binti yangu kiunoni mwake.

"Milka! Ng'ombe wa kupiga mateke unamkamua aje?"

Nikajibu bila kufikiri, "Namwegemea."

"Eeh! Ukimwachia nafasi, ndio anakuvunja."

Sajini akacheka, akatikisa kichwa, akarudi nyuma. Nikaivuta bunduki ndani ya bega, nikaiwekea shavu kama ninavyouwekea paji la uso ubavu wa ng'ombe wetu mwekundu. Macho wazi. Nikabonyeza.

Ubao ukapasuka. Nikarudia, ukapasuka tena.

"Ber ahinya!" sajini akasema kwa lugha yake, vizuri sana, akavua ile kofia. Japheth alikwenda mwenyewe kuutazama ubao, akauzunguka, akarudi kunipa mkono. Nilimpa wa upande wa bega zima.

Tukapanda mlima, mama Jedidah mbele na fimbo yake, mtoto kiunoni. Tulipofika langoni ng'ombe wetu walikuwa wamerudi kutoka malishoni, wanatungoja tuwafungulie. Akanikabidhi mtoto, akaweka fimbo chini, akapiga vigelegele, vile virefu vya kuzaliwa mtoto wa kiume, ambavyo nyumba ile haikuwahi kuvisikia. Majirani wa bondeni wakaja mbio, wanahema.

"Nani amejifungua?"

"Mimi," akasema mama Jedidah, na akafungua lango.