Waya wa Nne

Asubuhi, kabla zamu haijashuka, Theopista aliinamia kompyuta iliyokuwa ndani ya kopo la biskuti kando ya mdomo wa duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Ilikuwa kompyuta ya ubao mmoja, ndogo kama kiganja, yenye kazi moja: kusoma kipima hewa kilichoning'inia shimoni kwa waya mrefu wa USB, na kupiga king'ora hewa ikichafuka. Siku za karibuni kipima hewa kilikatika kila wachimbaji walipojiandaa kushuka. Mmoja wao alikuwa Mayala, mumewe.

"Fundi, leo itakaa?" Mayala aliuliza akivua malapa.

"Usishuke mpaka nikuambie."

"Kamwambie bosi hivyo. Atanibadilisha na mwingine kabla chai haijapoa."

Kila aliyeshuka aliacha malapa yake mdomoni mwa duara, ili walio juu wajue nani yuko chini. Palikuwa na jozi tatu ambazo hakuna aliyezigusa: ya Onesmo, ya Denis na ya Wiliam. Duara la zamani, lililo jirani, liliwafukia wakati wa masika. Enock, mwenye maduara yote mawili, alisema kuwafukua kungechelewesha kazi. Alimwaga mawe juu yake, akawaambia ndugu zao kwamba vijana wamehamia mgodi wa Bulyanhulu.

Theopista alifanya ishara ya msalaba, akaanza kama alivyofundishwa kwenye masomo ya jioni parokiani. Alibadilisha chaja. Taa nyekundu ya kompyuta, ambayo huzimika umeme ukipungua, ikapepesa. Akaondoa waya mwembamba wa chaja, akaweka mnene. Ikapepesa. Akachomoa waya unaokwenda shimoni. Ikatulia.

Basi mlaji wa umeme alikuwa kwenye waya ule. Akaufuata kwa mkono. Ulipopita juu ya mawe ya duara la zamani, alikuta nyaya tatu nyembamba zimeungwa hapo, zimefungwa vizuri kwa mpira wa baiskeli. Ziliingia katikati ya mawe.

"Nani huko?"

"Shikamoo, Mama Limi," alijibu Denis kutoka chini.

"Marahaba. Mnachaji nini?"

"Taa za kichwani. Tunatafuta njia ya kutokea."

"Wao njia," alisema Wiliam. "Mimi natafuta mguu wangu wa kulia."

Wakacheka kidogo. Theopista hakucheka.

"Mnazima kipima hewa. Mume wangu anashuka."

"Utusamehe, mama," alisema Onesmo. "Lakini kwake hewa siyo tatizo. Matimba ya huko, magogo yanayoshikilia kuta, yameoza kama yetu."

Theopista alimpelekea Enock maneno hayo. Enock alikuwa anakunywa chai.

"Onesmo alikuwa mlalamishi tangu zamani," alisema. "Matimba mapya ni mwezi ujao. Wewe tengeneza umeme."

Zamu ile ilishuka bila kipima hewa, ikapanda salama. Theopista alikwenda Geita mjini kwa bodaboda, akarudi na kigawanyo cha USB chenye chaja yake. Akazihamishia huko zile nyaya tatu, kompyuta ikabaki na umeme wake. Taa nyekundu ikatulia.

"Wabeja, Mama Limi," walishukuru kutoka chini.

Kesho yake asubuhi alikuta waya wa nne umechomoza katikati ya mawe. Ulikuwa mpya, na ncha yake ilikuwa imemenywa tayari kuungwa.

"Huu wa nani?"

Denis alijibu, "Tumemsogezea mawe, apate pa kukaa."

Theopista alimweleza Mayala. Mayala aliutazama waya ule, akamtazama Enock aliyekuwa amesimama kando ya kopo la biskuti.

"Taa si imetulia?" alisema Enock. "Shukeni."

Mayala akavua malapa. "Limi asichelewe shule," alisema, akashika kamba.

Theopista aliyachukua malapa ya mumewe, akayaweka mbali, upande wa pili wa duara. Kisha akafumba macho na kusali Salamu Maria. Alipofumbua, malapa yalikuwa yamepangwa pamoja na zile jozi tatu, visigino vikiwa sawasawa. Taa nyekundu iliwaka bila kupepesa hata kidogo.