Karatasi Nane za Mama Eugénie

Naapa kwa meno manne yaliyonibakia kwamba mambo haya ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Anayebisha aende Mugunga, kwenye kambi ya waliokimbia vita, aulize. Watu wa kule hawana nafasi ya kudanganya.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, kiasi cha saa tatu asubuhi, Mama Eugénie Uwamariya alikuwa ameketi juu ya bidoni ya njano ya kuchotea maji, mbele ya hema lake, akichambua mbegu za maharagwe. Zilikuwa kilo nne. Alizibeba mgongoni siku alipokimbia Masisi, na kwa miezi kumi na minane hakumruhusu mtu kuzipika, hata zile wiki unga ulipochelewa. Mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia, na mbegu ikikaa sana inazeeka kama mtu mwingine yeyote, inakataa kuamka. Alitaka kufika shambani kwake kabla mwezi wa tisa haujaisha. Hilo tu.

Shamba lilikuwa kilomita sitini. Kizuizi cha kwanza kilikuwa mita sabini na tano: kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili, na askari mmoja aliyerudisha watu kwa adabu. Ng'ambo ya kamba kulikuwa na vizuizi vingine, na vita, na hakuna aliyekuwa anapita kwa miguu.

Siku hiyo akaja Modeste, mchoraji wa vibao vya saluni. Shirika moja lilikuwa limemwajiri atengeneze katuni ya dakika moja, ya mama anayerudi kwake, ili wafadhili waione.

"Mama, inua muguu. Simama hivyo hivyo."

"Hata kuku hasimame hivi. Mupaka saa ngapi?"

"Mupaka nimalize kuchora."

Alichora karatasi kumi na mbili, kila moja ikiwa na mguu uliosogea kidogo kupita iliyotangulia. Kisha akazishika pamoja, akaziachia kwa kidole gumba, fyuuu, na mama wa kwenye karatasi akatembea. Jambo hili linaeleweka. Karatasi ya kwanza haitembei, wala ya pili. Kutembea hakumo ndani ya karatasi yoyote. Kumo katika jicho la anayetazama, kwa kuwa jicho halikubali pengo, linalijaza lenyewe.

Wakati uleule Mama Eugénie naye alitembea hatua tatu, akapita katikati ya ukuta wa mawe ya volkano, akatokea ndani ya choo alimokuwa jirani yake, Papa Munguakonkwa.

"Kuna mutu, mama," alisema Papa Munguakonkwa.

"Pole, papa," alijibu, akatoka kwa mlango.

Modeste aliandika pembeni mwa karatasi: kati ya mchoro na mchoro mama hayuko popote, kwa hiyo hakuna cha kumzuia. Mama Eugénie hakuhitaji kuandika.

"Basi chora mupaka Masisi," alisema.

Walipiga hesabu. Hatua moja, karatasi nne. Kilomita sitini, hatua laki moja. Karatasi laki nne, yaani ramu mia nane, maana ramu moja ina karatasi mia tano. Modeste alikwenda kuziomba kwa biro, yaani ofisi ya shirika. Biro ilijibu kwamba kwa dakika moja hizo ni nyingi, na ikatafuta ujanja: achore hatua mbili tu, karatasi nane, azirudierudie, na nyuma yake ivutwe picha ndefu ya milima. Anayetazama hatajua kama ni mama anayekwenda au ni milima inayokuja.

Wakaanza Alhamisi. Mama Eugénie alifunga mbegu mgongoni akatembea, papo hapo, mbele ya hema lake. Chini ya miguu yake udongo ulichimbika kidogo. Mji wa Sake ukaja, ukapita. Yakaja malisho na ng'ombe wake, kisha mikaratusi, na majirani wakashusha kamba za nguo ili matawi yasizikwarue. Jioni Modeste alipoweka karatasi chini, milima ilisimama, na mama akapika kama kawaida.

Siku ya tatu shamba lake lilifika. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Aliliona jiwe la mpaka aliloliweka marehemu mume wake, akaona mahali pa kuanzia kulima, akataka kuinama. Hakuweza. Katika zile karatasi nane hakukuwa na hata moja ya kuinama.

"Modeste! Ongeza moja tu, ya kuinama!"

"Mama, ile ya tisa biro haijakubali."

Alipita katikati ya shamba lake mwenyewe wima, kama mgeni anayeonyeshwa. Léonie, binti yake, alichota mbegu mgongoni mwa mama akazirusha upande wa magugu. Zilianguka juu ya mawe meusi ya Mugunga, na kuku wa jirani akazila.

Katuni ilipendwa sana. Biro ikamleta Viateur, kijana wa kompyuta, aiendeleze. Viateur alieleza kwa uvumilivu kwamba kazi yake si kuchora. Modeste anachora kile anachotaka kionekane. Yeye anaipa mashine masharti, na mashine inatafuta yenyewe watu watafika wapi. Akachukua mwendo wa Mama Eugénie, akaugawia familia elfu tatu. Sharti la kwanza, wanatembea kilomita nne kwa saa. La pili, wanalala usiku. Akabonyeza. Kina Mama Eugénie elfu tatu wakatoka kwenye ekran, kioo cha kompyuta, na kufikia siku ya nne wote walikuwa kwao, bila hata mmoja kupotea njiani. Ripoti ikachapwa, orodha ya kambi ikasahihishwa.

Siku ya kugawa unga Mama Eugénie alisimama kwenye mstari na kadi yake. Viateur alitazama ekran.

"Mama, huku inaonyesha uko Masisi."

"Niko mbele yako."

"Nakuona. Lakini kwa liste uko Masisi."

"Ile kamba uliiweka?"

"Kamba gani?"

"Ya askari."

Viateur alitafuta kwa moyo wote, juu hadi chini. "Hakuna mahali pa kuandika kamba, mama."

Alirudi hemani na gunia tupu.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nilimpa Léonie asome, aniangalizie majina, naye akarudisha kidole kwenye ukurasa wa pili.

"Muzee, unaandika biro njo ilitafuta huu ujanja wa karatasi nane?"

"Biro, ndiyo."

"Biro haijue kuchora hata yai. Miye nilikuwa hapo. Weye njo ulikuwa umeikala kwa jiwe, ukamuambia Modeste: 'Mutoto, nilizungusha filamu kwa sale ya sinema ya paroasi, pale kanisani, miaka makumi mbili. Nane zinatosha. Jicho ni mujinga.' Ukacheka na sisi tukacheka."

Ni kweli, nilisema. Nilifurahi siku ile, maana si kila siku kijana anamuuliza mzee jambo.

"Sasa?" nilimuuliza.

"Sasa lipa."

Nilikwenda madukani Birere, nikarudi na ramu moja kichwani. Modeste alichora siku kumi na sita. Karatasi mbili zililoa mvua. Zikabaki mia nne tisini na nane. Jumapili baada ya misa nilizishika mimi mwenyewe, fungu kwa fungu, kidole changu kikiuma, na safari hii hakukuwa na milima ya kuvuta. Mama Eugénie alikwenda kweli. Watu walimpisha, wengine wakambebesha salamu. Alitembea hatua mia moja ishirini na nne na nusu, mbegu mgongoni, na karatasi ya mwisho ilipolala mguu wake wa kushoto ulikuwa hewani, juu ya kamba.

Askari aliutazama mguu. Kisha akanitazama mimi na mikono yangu mitupu.

"Mama," alisema kwa upole, "shusha muguu. Upande huu."

Akaushusha. Akajifunga kitenge upya, akageuka.

"Muzee, zimebakia ramu ngapi?"

"Mia saba tisini na tisa, mama."

"Basi unaikalia nini hapa?"