Kigelegele cha Mke wa Maiti

Siku Semkiwa alipokosa kuamka, watu walicheka. Walicheka kwa sababu ndicho walichokuja kufanya. Kila kiangazi watu wa shamba la mkonge na wa vijiji vya jirani hukusanyika uwanjani kwa tamasha la maigizo, na mikeka yao na watoto wao na mihogo yao ya kukaanga, na kila kiangazi kikundi cha wakata mkonge huigiza mchezo uleule, wa mzee anayejifanya amekufa ili asikie majirani watamsema nini. Mzee huyo alikuwa Semkiwa, miaka nenda miaka rudi. Analazwa kitandani, anafunikwa shuka, majirani wanaingia kumlilia, wanaanza kwa kumsifu, wanaishia kumsengenya, na yeye kimya. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, ila mwili uliokata mkonge tangu alfajiri ukiwekwa juu ya godoro haujui maigizo. Semkiwa alikuwa akilala kweli. Mwaka wa kwanza alikoroma, waombolezaji wakashindwa kulia. Ndipo mkewe, Sikudhani, akapewa kazi. Mwisho wa mchezo mjane wa mzee anaolewa na mwingine, nje kinasikika kigelegele cha harusi, na maiti akisikia mkewe anaozwa anaruka na shuka lake, uwanja mzima unalipuka. Kigelegele hicho akawa anakipiga Sikudhani mwenyewe, akiwa amekaa benchi la mbele na watoto wake, maana hakuna sauti nyingine iliyoweza kumtoa mume wake usingizini. Chembamba, kirefu, kinapanda hakitaki kushuka. Semkiwa hakuwahi kukingoja kiishe. Kikianza tu, huyo, yuko juu.

Kiangazi kilichopita alikipiga, na shuka halikutikisika. Watu wakacheka. Akakipiga tena, wakacheka zaidi, mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, mama ongeza, mahari ndogo hiyo! Akakipiga tena, kikamkatikia kooni, na yule aliyeigiza mjane akasogea kitandani, akafunua shuka, akasahau maneno yake. Moyo, walisema hospitali, moyo ulisimama. Hakuna aliyeweza kusema ulisimama saa ngapi, kabla ya kigelegele au baadaye. Tangu siku hiyo Sikudhani anapika, anafua, anapokea wageni wa pole, na ndani ana swali moja ambalo hajamwambia mtu: alinisikia, au hakunisikia?

Leo ni kiangazi tena. Wamekuja wote, kwa sababu Nasoro, mdogo wake Semkiwa, ndiye anayelala kitandani mwaka huu, na mtu wenu akiigiza hamkai nyumbani. Asubuhi alipita kuazima shuka, akasimama mlangoni akivua na kuvaa kofia. Shemeji, akasema, utaniamsha? Sikudhani akamwambia, wewe una usingizi gani wa kuamshwa, mtu unalala jicho moja wazi kama sungura. Nasoro akacheka, kisha hakucheka. Binti wa Sikudhani, Zaina, akasema, mama, ukichoka nitakipiga mimi. Chako wewe filimbi ya refa, mama yake akamjibu, watu watadhani ni penati. Wakacheka wote, hata mjukuu, Chiku, ambaye hakujua penati ni nini. Lakini Sikudhani hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Sasa amekaa benchi la mbele, jua limeshamchoma upande mmoja, vichekesho vya shule vimepita, ngoma imepita, na uchovu ulio mwilini si wa leo, ni wa mwaka mzima. Jukwaani Nasoro anafunikwa shuka. Lilelile, lenye kiraka pembeni. Majirani wanaanza kulia. Sikudhani anaegemea bega la Zaina, anasema moyoni, nitafumba macho kidogo tu, mpaka wafike kwenye kusengenya.

Anafumba, na shuka liko mbele yake, karibu kuliko lilivyokuwa, linaning'inia kama pazia la mlango. Anashika kile kiraka, anafunua. Anategemea uso. Anakuta barabara. Barabara ya vumbi jekundu, imenyooka, huku mistari ya mkonge na huku mistari ya mkonge, na kando yake mabenchi yamepangwa tupu, benchi baada ya benchi, mpaka macho yanapokoma. Nyuma yake, mbali sana, anasikia jirani wa kwanza akilia, alikuwa mtu mwema jamani, alikuwa mwema. Basi kuna muda, anajiambia, wako kwenye sifa bado, nitembee. Anatembea. Miguu mizito, vumbi halitimki. Anapita benchi, anapita benchi, na kwenye benchi moja amekaa mtu mwenye utepe mkononi, kama wale wanaoonyesha watu pa kukaa, ila hana uso, mahali pa uso pamelainika kama sahani iliyooshwa. Baba, Sikudhani anamuuliza, jukwaa liko wapi, natakiwa kumwamsha mtu. Yule anasema, kitendawili. Na kinywa cha Sikudhani, bila kumwuliza mwenyewe, kinajibu, tega. Analala mmoja, wanachoka wengi. Sikudhani anasema, mgonjwa. Sio. Mtoto mchanga. Sio. Sijui baba, nimechoka. Basi nipe mji. Anampa wa karibu, anasema, chukua Muheza. Yule asiye na uso anajinyoosha kama mtu aliyepewa chakula, anasema, nimekwenda Muheza, nimekula machungwa ya Muheza, nimelala kitanda cha Muheza, wenyeji wakaniambia, mgeni, hilo ni msiba.

Na Muheza yenyewe inatokea kando ya barabara, imegeuzwa kama iliyomo ndani ya kioo. Soko liko upande usio wake, maandishi ya maduka yanasomeka kutoka mwisho, machungwa yamepangwa mafungu na muuzaji anayamenya maganda yakirudi mahali pake. Watu wametoa viti nje, wameelekea barabarani, wanakula mihogo na kumtazama. Hakuna mwenye uso hata mmoja, lakini anajua wanamtazama. Mama, anza, wanamwambia. Nianze nini? Tumekuja toka asubuhi, anza. Sikudhani anasema, si hapa, mtu wangu hayuko hapa, na anazidi kutembea, na mji unatembea pamoja naye kwa kitambo, viti na mihogo na yote, kisha unachoka, unabaki nyuma. Sauti ya mchezo inamfikia tena, jirani wa pili sasa, mwema mwema, mbona jembe langu hakulirudisha? Watu wanacheka huko mbali. Wameshaanza kusengenya. Sikudhani anaongeza mwendo, na kadiri anavyoongeza ndivyo benchi lililo mbele linavyokawia kufika.

Kwenye benchi hilo yumo mwingine, au ni yuleyule, utamjuaje asiye na uso. Kitendawili. Tega. Hupiga hodi kwa kila mtu, kwangu haji ila nisipomngoja. Hiki nakijua, anasema Sikudhani, mwaka mzima ndiye ninayemngoja: usingizi. Yule anatikisa kichwa. Ungekuwa usingizi, mama, mtu wako angeamka. Nipe mji. Na Sikudhani, kwa kuwa hana nguvu za kubishana, anatoa mji alikozaliwa, anasema, haya, chukua Korogwe. Korogwe inatokea. Mto umesimama kama nguo iliyoanikwa, na mama yake mzazi yuko uani anatwanga, mchi unapanda, unapanda, haushuki. Mumeo yuko wapi? mama anamuuliza bila kugeuka. Yuko jukwaani, mama, nimechelewa kumwamsha. Mama anasema, kila siku wewe ni kuamsha watu, wewe mwenyewe unaamshwa na nani? Sikudhani anataka kukaa chini pale penye pumba, aweke kichwa kwenye mapaja yale. Lakini anasikia, mbali, ngoma ndogo ya harusi ikianza kujaribiwa, na anajua mjane wa mchezo ameshavaa. Anaaga. Mchi bado uko juu.

Barabara inaisha bila kuisha, maana pale inapofikia kuna kitanda, na nyuma ya kitanda inaendelea. Juu ya kitanda kuna shuka, chini ya shuka kuna mtu. Sikudhani hafunui. Amejifunza. Mama Zaina, shuka linasema. Baba Zaina, anaitikia. Umechelewa leo. Njia ndefu. Umechoka? Nimechoka, Semkiwa. Kaa basi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, pale anapokaaga, na chaga zinalia vilevile, na harufu ni ileile ya maji ya mkonge ambayo sabuni haikuwahi kuishinda. Wanakaa hivyo. Ngoma ya harusi inasogea. Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo, siku ile ulinisikia? Semkiwa anacheka chini ya shuka, kicheko chake cha tumboni. Kitendawili, anasema. Mwanamume wewe, na wewe tena? Nimetegewa njia nzima, sina nguvu. Kitendawili, Mama Zaina. Haya, tega. Nimeitwa, nimesikia, sikuitika. Sikudhani anafikiri. Mkaidi. Sio. Mtoto aliyetumwa dukani. Kitanda kinatikisika kwa kicheko, sio. Mume wa mtu anayeambiwa kuni zimekwisha. Hapo umekaribia, lakini sio. Nipe mji.

Sikudhani anatazama nyuma. Muheza ameshaitoa, Korogwe ameshaitoa. Kilichobaki ni hapa walipoishi, shamba hili, vyumba vyao viwili vya kambini, uwanja, benchi la mbele alipomwacha Zaina na mtoto. Akitoa hicho, atarudi wapi? Anakunja mikono tumboni. Kingine chochote, anasema. Semkiwa hacheki sasa. Anasema polepole, kama alivyokuwa akisema baada ya zamu, Sikudhani, nipe mji nilale. Na Sikudhani anasikia jinsi alivyochoka, mume wake, uchovu wa miaka yote ile ya alfajiri, na yeye kila mara akimwamsha. Chukua, anasema. Chukua shamba. Chukua uwanja na benchi lake, chukua yote.

Semkiwa anashusha pumzi. Nimekwenda shambani, anasema, nimekata mkonge mpaka mikono ikakataa, nikalazwa juu ya godoro, nikafunikwa. Nikawasikia wakinisifu, nikawasikia wakinisengenya, jembe la watu kweli sikulirudisha, liko nyuma ya banda. Halafu mke wangu akapiga kigelegele. Miaka yote kikianza tu naruka, nakikatiza, sijawahi kujua kinafika wapi. Siku ile nikasema, hebu leo nikisikilize chote. Na jibu? anauliza Sikudhani. Jibu ndilo hilo. Lakini sikukimaliza, Semkiwa, kilinikatikia. Najua, anasema, ndiyo maana bado nasikiliza.

Basi Sikudhani anasimama. Mabenchi ya barabara nzima yamejaa, Muheza imekuja na viti vyake, Korogwe imekuja, mama yake ameshika mchi juu, wote wasio na uso wamenyamaza. Anavuta pumzi kutoka chini kabisa, anakunja ulimi, anakiachia. Kinapanda. Kinapita mistari ya mkonge, kinapita pale kilipokatikia mwaka jana, kinaendelea, chembamba, hakitetemeki, na chini ya shuka hakuna kinachotikisika, na hilo halimtishi. Kinapanda mpaka anasikia mchi wa mama yake unashuka, puu, ndani ya kinu.

Uwanja umelipuka. Nasoro amesimama juu ya kitanda, shuka limemning'inia begani, anafoka, nani anamwoa mke wangu, nani! Watu wako hoi, Chiku anaruka juu ya benchi. Sikudhani ameketi, kichwa kimetoka begani kwa Zaina, hajui tangu lini. Zaina, anauliza, nani amekipiga? Zaina anafuta macho, anacheka na kulia mara moja, anasema, hee mama, usinitanie. Huko nyuma mtu anapaza sauti, hongera bibi harusi! na haijulikani anamwambia mjane wa jukwaani au nani. Sikudhani anataka kuuliza tena, ila sauti haitoki, koo limemkauka kama lililomeza nyuzi za mkonge. Anautazama uwanja. Ameshautoa, na bado upo. Bomba la moshi la kiwanda cha mkonge liko upande wa kushoto, na hata ajikaze vipi hakumbuki kama siku zote limekuwa kushoto.

Nasoro anashuka jukwaani akitoka jasho, anamkabidhi shuka lililokunjwa. Shemeji, anasema, ahsante, kesho tunarudia alasiri. Sikudhani anaweka shuka mapajani. Anamwonyesha Chiku kwa ishara amletee maji. Wakifika nyumbani ataangalia nyuma ya banda kama jembe lipo, na kesho alasiri mchezo unarudiwa.